Hisabati na Kiswahili kwanza, kompyuta baadaye

Leo naweka programu kando nizungumzie masomo ya lazima.

Mapema mwaka 2025, mpangilio mpya wa sekondari pevu ulipotangazwa hapa Kenya, Hisabati haikuwa lazima kwa kila mwanafunzi. Watu walipiga kelele, na Aprili mwaka huo huo Wizara ya Elimu ikairudisha. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Wanaochukua mkondo wa sayansi na teknolojia wana Hisabati nzito, nayo mikondo mingine imewekewa iliyo nyepesi. Kiingereza nacho ni lazima, pamoja na Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya.

Wenzangu wa kompyuta wanalalamika: mbona somo letu ni la kuchagua tu? Mimi sioni kosa. Sikilizeni.

Niliwahi kumwandikia mama mmoja programu ya duka. Kila jioni jumla ilikosa senti kadhaa. Kumbe kompyuta huandika nambari kwa 0 na 1 pekee, na kwa mtindo huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyokwisha katika desimali. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2, mara nyingi itakujibu 0.30000000000000004. Dawa ilikuwa kuhesabu kwa senti nzima nzima. Hizo ni desimali zile zile zilizonitoa machozi shuleni.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilitafsiri "balansi" kuwa "salio" mahali nilipomaanisha deni. Mama akadhani wateja wamebakisha pesa kwake. Wiki mbili hakumdai mtu! Hapo Hisabati ilikuwa sawa. Kiswahili changu ndicho kilichomtia hasara.

Lugha ya kompyuta niliyofundishwa chuoni sijaigusa miaka mingi. Hisabati na Kiswahili nazitumia kila siku.

Ninachohofia ni hiyo Hisabati nyepesi. Mtoto wa miaka 15 anayechagua muziki leo huenda kesho akataka kutengeneza programu za muziki. Akibadili nia, apate njia ya kurudi kwenye Hisabati nzito bila kuanza upya. La sivyo, tutakuwa tumemrudishia somo kwa jina tu.

Wewe waonaje?