Jini wa Kwenye Runinga Humkimbia Nani?



Hapa Katonga, usiku wa giza baba na kaka zetu huingia ziwani na taa kuvua dagaa. Nasi tuliobaki nyumbani, tukimaliza kudurusu, wengi hukaa mbele ya runinga. Humo kuna kisa kisichochosha watu: kiumbe wa kutisha, awe jini, mzimu au mnyonya damu, anampenda mwanadamu, kisha anatoweka. Anajiambia kuwa anamlinda. Watazamaji hulia na kusema, "Hayo ndiyo mapenzi ya kweli." Je, ni kweli?

Kwanza, tujue kazi ya mtunzi. Wapendanao wakitulia nyumba moja kwa amani, mchezo umekwisha. Wakitenganishwa, mtazamaji atarudi wiki ijayo. Katika tamthilia ya Marekani iitwayo Buffy the Vampire Slayer, mnyonya damu Angel alimwacha Buffy mwaka 1999 kwa kuona kwamba hawezi kumpa maisha ya kawaida. Mwaka huo huo alianzishiwa tamthilia yake mwenyewe, yenye jina lake. Kumbe machozi yetu ni biashara ya watu!

Pili, tutazame sababu anayoitoa: "Nina hatari ndani yangu." Hatari hiyo wanadamu pia wanayo. Kuna hasira, kuna ulevi, kuna kamari. Lakini mwanadamu hakuumbwa awe zimwi. Amepewa akili, na mlango wa toba uko wazi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye hasira, akiwa amesimama, akae, isipomtoka, alale. Hiyo ni dawa ya mtu anayebaki na kupambana na nafsi yake.

Tatu, hatusemi kila kuondoka ni dhambi. Penye kipigo, kutengana kunaweza kuokoa maisha. Lakini dini yetu imeuwekea utengano taratibu zake: talaka hutamkwa, eda huhesabiwa, na matumizi ya watoto hubaki shingoni mwa baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mzazi amtunze mwanawe. Jini wa runinga haagi, haachi hata kibaba cha unga, na bado tunamwita shujaa.

Wavuvi wetu nao huondoka. Lakini mke anajua mume amekwenda wapi, na mbalamwezi ikiwaka anamtarajia nyumbani. Aliye kambi ya mbali hupiga simu na kutuma chochote alichopata. Huyo ameondoka kwa ajili ya watu wake. Yule mwingine amewakimbia.

Tunayasema haya kwa sababu wapo watoto, hata katika madrasa, ambao baba zao walitoweka hivyo. Mtoto wa namna hii akizitazama tamthilia hizo, huenda akaamini kwamba aliachwa kwa kupendwa mno, au kwamba yeye ndiye aliyemfukuza baba. Ndugu yetu, hukumfukuza mtu. Jukumu lilikuwa la mkubwa.

Wazazi, tunawaomba mkae nasi tunapotazama. Kiumbe akitoweka na muziki wa huzuni ukianza, tuulizeni: waliobaki watakula nini kesho, na nani atawalea? Tukizoea kuuliza hivyo leo, huenda kesho tukawa baba na mama wasiotoweka.