Kuku Anapoatamia: Tumwekee Mayai au Tumkatize?



Baridi inapopungua hapa Uingereza, kati ya Aprili na Juni, familia zetu zinazofuga kuku nyuma ya nyumba au katika vishamba vya pembezoni mwa miji hukutana na jambo lile lile. Tetea aliyekuwa akitaga vizuri ghafla haondoki kiotani. Akisogelewa hutimua manyoya, hukoroma na kudonoa mkono. Hujinyonyoa kifuani, na kutaga hukoma. Wengine hudhani anaumwa. Wengine humfukuza kiotani asubuhi, naye jioni hurudi pale pale.

Kuku huyo hana maradhi wala ukaidi, bali anaatamia. Shauri letu ni kwamba mwenye kuku aamue mapema: ama amwekee mayai yenye mbegu, ama amkatize. Kinachomdhuru ni kuachwa bila ya uamuzi. Kuku anayeatamia hushuka mara moja tu kwa siku, robo saa au zaidi kidogo, akala, akanywa, akajisaidia na kurudi. Akikalia kiota kitupu wiki nenda wiki rudi hukonda bure, na utitiri wa majira ya joto, unaotoka usiku kwenye nyufa za banda, humfyonza damu hata kumuua.

Kabla ya kumwekea mayai, tujiulize swali ambalo wengi hulisahau: majogoo yatakwenda wapi? Katika vifaranga, takriban nusu ni madume. Nyumbani pora huliwa au huuzwa. Hapa jirani aliyelala ukuta wa pili hataki kuamshwa alfajiri na majogoo matano. Atakayetaka kuyachinja aulize mapema halmashauri ya mji wake kuhusu sheria, ili achinje kwa namna inayokubaliwa na dini na serikali. Asiye na jibu la swali hili asianguishe.

Mwenye jibu na achague mayai safi, ya ukubwa wa wastani, yasiyo na nyufa na yasiyozidi siku saba tangu kutagwa. Yakingojea, yawekwe mahali pa ubaridi wa kiasi, si ndani ya friji, ncha ikielekea chini. Kuku wa umbo la wastani hutosha mayai kumi hadi kumi na mawili. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa. Kila yai litiwe alama ya penseli, kwani matetea wengine hupenda kutaga kiota hicho hicho, na yasiyo na alama yaondolewe kila siku. Mayai yote yawekwe kwa wakati mmoja. Yai halianzi kukua mpaka lipate joto, na ndiyo maana mayai yaliyotagwa siku tofauti huanguliwa pamoja.

Kuku ahamishwe usiku, akawekwe peke yake katika kizimba chenye nyasi kavu, maji na chakula, kisichofikiwa na mbweha wala panya. Siku ya saba au ya nane tuyamulike mayai gizani kwa tochi. Lenye uhai huonyesha mishipa kama utando wa buibui. Lililo jeupe tupu halina kifaranga, liondolewe lisije likawa viza na kupasuka. Siku ya 21 vifaranga hutoka. Hapo mikono yetu ikae mbali, maana kifaranga hutoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, naye aweza kukaa siku nzima bila ya kula. Kisha wapewe chakula laini cha vifaranga, na maji katika chombo cha kina kifupi wasije wakazama.

Asiyetaka vifaranga asimtose kuku majini kama wafanyavyo wengine. Ni mateso, na mara nyingi hurudi kiotani akiwa amelowa. Amweke katika kizimba chenye sakafu ya wavu wa waya kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, mahali penye mwanga, pasipo nyasi wala maranda, akiwa na chakula na maji. Siku tatu au nne kwa kawaida hutosha, na baada ya wiki chache hurejea kutaga.

Tunaongeza neno juu ya mbegu. Jogoo mmoja hutosha matetea wanane hadi kumi. Jogoo akipandishwa kwa binti zake kizazi baada ya kizazi, mayai mengi hayaanguliwi na vifaranga huzaliwa dhaifu. Afadhali familia mbili zibadilishane majogoo kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Jogoo mpya akiingia, tungojee wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuangulisha, kwani mbegu ya yule wa kwanza hubaki ndani ya tetea zaidi ya wiki moja. Na tujue tunachokitafuta. Kuku wa kisasa wa mayai waliteuliwa vizazi vingi ili wasiatamie, wakati Silkie na Sussex huatamia sana. Kuku mlezi hupoteza miezi miwili au zaidi ya kutaga kwa kila uzao, kwa hiyo hatuwezi kumtaka kuku mmoja awe bingwa wa yote mawili.

Mwisho, sheria mbili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mfugaji wa England na Wales, hata mwenye kuku mmoja nyuma ya nyumba, lazima aandikishe ndege wake serikalini. Scotland ilitangulia kwa mwezi mmoja. Na kuwatupia kuku mabaki ya jikoni, wali wa jana au ganda la ndizi lililopita jikoni, kumekatazwa kwa kuogopa kueneza maradhi ya mifugo. Wazee wetu wanaokuja kututembelea waelezwe hili kwa upole, kwani kwao kumnyima kuku makombo ni ubahili.