Mama Amefifia, Mtoto Anaonekana

Safari hii siandiki habari za shifti za usiku wala bei ya ndizi pale sokoni Lewisham. Naandika habari za lenzi za kamera, na najua wapo mtakaosema dada huyu kahama uwanja. Nivumilieni. Wengi wetu huku tumenunua kamera kwa sababu ileile moja: kuna watu nyumbani wanaosubiri picha.

Mama yangu alikuja kututembelea majira ya baridi. Siku moja kabla hajaondoka nilimkalisha kwenye kochi, nikampakatisha binti yangu wa miaka minne, nikapiga picha kama arobaini. Ilikuwa Desemba, na Lewisham mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo sebuleni kulikuwa na kagiza. Mimi sina wasiwasi, nina lenzi yangu ya milimita 50 yenye tundu la 1.4, niliyoinunua mtumba na kujivunia kama gari. Nikaifungua mpaka mwisho. Kwenye kioo cha kamera picha zilipendeza, nyuma kumefifia vizuri kama kwenye majarida. Mama akaondoka na baraka zake.

Mdogo wangu akachapisha moja kubwa, upana wa sentimita 30, kwa fundi picha wa kule Ngamiani, Tanga. Jumapili mama akapiga simu.

"Mwanangu, picha nimeipata. Mtoto anaonekana mpaka kope. Ila mimi mbona nimefifia? Kama nimeshakufa, halafu mmenibandika."

Akacheka. Mimi sikucheka. Magoti yake hayataki tena ndege ya masaa mengi, ameshasema. Ile picha ya kochi letu haitarudiwa. Nikafungua zote arobaini kwenye kompyuta, nikazikuza mpaka mwisho, moja baada ya moja. Mtoto yuko wazi, bibi yuko kwenye ukungu. Kwenye simu ulikuwa huoni, maana picha ndogo inaficha mengi.

Kwanza niliilaumu lenzi. Nikamwazima shoga yangu, muuguzi mwenzangu, lenzi yake: milimita 50 pia, ila tundu la 1.8, nyepesi, ya bei ya chini. Sitataja kampuni ya hii wala ya ile. Lenzi mbili za aina moja zinaweza kutofautiana, na moja niliyo nayo mkononi haitoshi kuhukumu ndugu zake wote.

Siku yangu ya mapumziko nikaichukua kanga ya mama aliyoniachia, nikaipiga pasi, nikaibandika ukutani kwa selotepu. Kwa jaribio hili kanga ni kitu bora kuliko unavyofikiri. Katikati kuna mji, chini yake jina lenye herufi kubwa nyeusi, na pembeni kote pindo lenye mapambo madogo madogo. Herufi zinakuonyesha ukali wa katikati ya lenzi, pindo linakuonyesha pembe. Kamera nikaiweka kwenye stendi, mita 2 na robo kutoka ukutani, nikapima kwa futi ya cherehani ili isielekee upande. ISO 100, kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise, na fokasi nikairudia kila nilipobadilisha tundu. Baba watoto akarudi kazini, akaikuta kanga ukutani na makochi yamesukumwa pembeni. Akauliza kama tunahama.

Kwa wasiozijua namba hizi: ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua urefu wa lenzi, milimita 50, ugawe kwa namba. Kwenye 1.4 tundu lina upana wa karibu milimita 36. Kwenye 8 ni kama milimita 6 tu. Ndiyo maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Na ukienda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, kila hatua mwanga unapungua nusu.

Haya, matokeo. Kwenye 1.4 herufi za lenzi yangu zinasomeka, lakini zina kama mvuke, weusi wake umeingia maziwa. Pembeni pindo limevurugika kabisa. Ile ya 1.8, nayo ikiwa wazi mpaka mwisho, ilikuwa na mvuke mdogo zaidi kuliko yangu ya 1.4. Lakini nilipoibana yangu mpaka 2, ikaipita ile nyingine katikati ya picha: herufi zikakatika safi. Pembe bado. Kwenye 2.8 zote mbili zikawa nzuri katikati. Kwenye 4 nilianza kuhitaji kuangalia jina la faili ili nijue ipi ni ipi. Kwenye 5.6 pindo likakaa sawa mpaka kona, na 8 ni hivyohivyo. Kwenye 11 ukali ukaanza kulegea, kwenye 16 ukalegea wazi, kanga nzima ikalainika kidogo, katikati na pembeni sawasawa.

Sababu ya ncha hizi mbili si moja. Tundu likiwa wazi, miale inayopita ukingoni mwa lenzi haikutani mahali pamoja na ile inayopita katikati, ndiyo unaona mvuke. Ukibana unaikata miale ya ukingoni. Wanaofanya kliniki za macho wanakijua kile kibao cheusi chenye vitundu: mgonjwa hasomi mstari kwenye chati, unampa achungulie kwenye kitundu, anasoma. Hapo unajua tatizo lake lina dawa ya miwani. Bibi zetu hukunja macho kusoma barua, ni kazi ileile. Ila ukibana kupita kiasi, mwanga wenyewe unatawanyika unapopita kwenye tundu dogo, na hilo halitibiki hata kwa lenzi ya gharama kubwa.

Nilikuwa nimekaa chini na kikombe cha chai, nimefurahi na kanga yangu, ndipo nikaona upuuzi wangu. Kanga ni bapa. Mama na mtoto si bapa.

Nikarudi kwenye zile picha za kochi. Kope za mtoto zilikuwa kali hata kwenye 1.4, mvuke kidogo tu. Kwa hiyo lenzi haikuwa na hatia kubwa. Kosa lilikuwa langu. Kwa kamera yenye kihisio cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, ukisimama mita 1 na nusu na lenzi ya 50 kwenye 1.4, sehemu inayoonekana kali ina unene wa sentimita 7 na nusu hivi, mbele na nyuma jumla. Mtoto alikuwa mapajani, na macho ya mama yalikuwa nyuma ya macho yake kwa kama sentimita 20. Hata ningekuwa na lenzi ya mfalme, mama angefifia tu.

Kwenye 4, umbali uleule, unene unafika kama sentimita 21. Bado haitoshi, maana nusu yake iko mbele ya mtoto ambako hakuna mtu. Ukirudi nyuma mpaka mita 2, kwenye 4 hiyohiyo, unapata karibu sentimita 38. Hapo, bibi akiinamisha kichwa kumkaribia mjukuu, wote wawili wanaingia. Gharama yake ni mwanga: kutoka 1.4 mpaka 4 ni hatua tatu, yaani unabaki na sehemu moja ya nane. Kama ulikuwa ISO 400, sasa ni 3200, na picha itakuwa na chengachenga. Lakini chenga kwenye karatasi ya sentimita 30 hakuna bibi atakayeziuliza. Macho yake atayauliza.

Ukitazama picha za familia za studio za zamani, kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe Zanzibar aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, utaona mara nyingi watu wamepangwa mstari mmoja, mabega sawa, wanatazama mbele. Nilikuwa naona ni ugumu wa watu wa zamani. Kumbe kadiri filamu inavyokuwa kubwa ndivyo ule unene unavyozidi kuwa mwembamba, na aliyekaa nyuma ya mwenzake alikuwa hatarini kama mama.

Mwanafunzi akiniuliza anunue ipi, nitamwambia ile ya 1.8, na pesa iliyobaki anunue stendi. Ubora wa 1.4 ni pale kwenye 2, na mimi watu wangu siwapigi tena kwenye 2 wakiwa zaidi ya mmoja. Yangu nimeitangaza kuiuza. Baba watoto anasema nitaijutia. Tutaona.

Mwezi wa nne nakwenda Tanga wiki tatu na binti yangu. Nimeshapanga barazani, asubuhi, upande wenye kivuli, mita 2, kwenye 4 au 5.6, maana kule mwanga hatuukopi. Nimemwambia mama aandae gauni.

"Sawa," akasema, "lakini utakuja na kamera gani? Usije na ile yako ya kunifuta."