Lugha katika Hukumu: Filamu Zipi Zilistahili Tuzo ya Filamu Bora?

Tuzo ya Filamu Bora itolewayo kila mwaka na Akademia ya filamu ya Marekani, maarufu kwa jina la Oscar, huchukuliwa na wengi kuwa ndiyo hukumu ya mwisho kuhusu ubora wa filamu. Wahakiki wanapobishana iwapo mshindi fulani aliistahili, aghalabu hutazama uigizaji, upigaji picha na msuko wa visa. Kipengele kinachosahauliwa ni lugha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba angalau mara mbili filamu iliyoitumia lugha kwa ufundi mkubwa zaidi ilishindwa na filamu iliyokuwa nyepesi zaidi masikioni mwa wapiga kura.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1939, pale La Grande Illusion (1937) ya Mfaransa Jean Renoir ilipokuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushindania tuzo hiyo. Ilishindwa na You Can't Take It with You ya Frank Capra, ambayo ni komedi ya familia, yenye ucheshi na moyo mwema, lakini isiyomwachia mtazamaji fumbo lolote. Filamu ya Renoir inahusu wafungwa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Humo Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza kila kimoja kina kazi yake. Maofisa wawili wa ukoo bora, Boeldieu na Rauffenstein, mmoja Mfaransa na mwingine Mjerumani, hukimbilia Kiingereza katika mazungumzo yao ya faragha. Maréchal, mtu wa tabaka la chini, anajaribu kuwaarifu wafungwa wa Kiingereza kwamba kuna handaki lililochimbwa kwa ajili ya kutoroka, nao hawamwelewi. Kazi yote inapotea. Hivyo mtazamaji anaona kwamba tabaka huweza kuvuka mpaka wa taifa, ilhali ukosefu wa lugha moja huwatenga hata walio upande mmoja wa vita. Kwa vigezo vya fani na maudhui, Renoir ndiye aliyestahili.

Yamkini mtu atasema kwamba kikwazo kilikuwa ugeni wa mada. Dai hilo linadhoofishwa na The Last Emperor (1987), ambayo ilitwaa tuzo zote tisa ilizoshindania, ikiwemo ya Filamu Bora. Mada yake ni maisha ya Puyi, mfalme wa mwisho wa China, lakini kwa sehemu kubwa mfalme huyo na watu wake huzungumza Kiingereza. China ilikubalika, Kichina hakikuhitajika.

Mfano wa pili ni wa Februari 2019, Green Book ilipoishinda Roma ya Alfonso Cuarón. Si haki kuibeza Green Book: uigizaji wa Mahershala Ali ulistahili tuzo aliyopewa, na kisa cha Tony, dereva anayesaidiwa na mpigapiano Don Shirley kumwandikia mkewe barua, kinapendeza. Hata hivyo, lugha fasaha humo ni pambo tu na chanzo cha kicheko. Katika Roma, Cleo na mwenziwe Adela, watumishi wa nyumbani jijini Mexico City, husemezana kwa Kimixtec, lugha yao ya asili, na huwajibu waajiri wao kwa Kihispania. Kila wanapobadili msimbo, mtazamaji huonyeshwa nani ana mamlaka ndani ya nyumba ile, pasi na hotuba yoyote. Roma ilipewa tuzo ya uongozaji, ya upigaji picha na ya filamu ya lugha ya kigeni. Ilistahili na ile kubwa.

Mwaka uliofuata, Parasite ya Bong Joon-ho, kutoka Korea Kusini, ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutunukiwa tuzo ya Filamu Bora. Hapa wapiga kura hawakukosea. Kikorea kina viwango vya heshima vinavyojitokeza katika maumbo ya vitenzi, na mvutano baina ya tajiri Park na dereva wake Kim unajengwa juu ya viwango hivyo: heshima ya maneno ipo, lakini tajiri anachunga daima mstari usivukwe.

Wapo watakaoeleza matokeo haya kwa utaratibu wa kura. Kwa filamu za mwaka 2009 na kuendelea, wapiga kura huzipanga filamu kwa kufuatana, na hivyo kuifaidisha ile isiyochukiwa na wengi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi, kwani Roma na Parasite zilipimwa kwa utaratibu huo huo.

Suala hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili. Maangamizi (2001) na Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuwasilishwa mwaka 2022, ziliiwakilisha Tanzania katika kundi la filamu za lugha zisizo Kiingereza. Nairobi Half Life iliiwakilisha Kenya mwaka 2012. Hakuna iliyoteuliwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 Lionheart ya Nigeria iliondolewa katika kundi hilo kwa kuwa ilikuwa na takriban dakika 11 tu za Kiigbo. Mwafrika anayeacha lugha yake ili asikike hufungiwa mlango mmoja bila ya kuhakikishiwa mwingine.

Kwa hiyo, mtunzi wa filamu za Kiswahili hana sababu ya kukihama Kiswahili kwa tamaa ya tuzo. Kilichoipa Parasite nguvu ni kukitumia Kikorea kwa kina, bila ya kukiombea radhi. Tuzo huweza kukosea, kama ilivyokosea mwaka 1939 na 2019. Kosa la wapiga kura hudumu katika orodha ya washindi. Kosa la mtunzi aliyeitupa lugha yake hudumu ndani ya kazi yenyewe.