Shabunda: noti iliyochanika yakataliwa, ya bandia yapita

Huko Marekani, vitabu vya zamani vya kutambua noti bandia siku hizi huuzwa kwenye mnada kwa watu wanaokusanya vitu adimu. Kinachojulikana sana ni kile cha Laban Heath, kilichoanza kutoka Boston mwaka wa 1864. Mwenye duka alilinganisha noti aliyopewa na picha za kitabu, basi. Leo ni pambo la kabati.

Shabunda kitabu cha namna hiyo kingefanya kazi kila siku. Mchimbaji anatoka Ulindi na dhahabu yake. Mnunuzi anaipima mpaka sehemu ndogo ya gramu, kisha anamlipa dola, na huyo mchimbaji anatazama kitu kimoja tu: je, noti imechanika? Hayo ni makosa. Marekani haijafuta thamani ya noti zake za tangu 1861, hata zilizochakaa. Noti safi ndiyo ya kuogopa.

Dola 100 mpya, iliyotoka Oktoba 2013, ina ukanda wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi. Ukiinamisha noti, kengele zinageuka kuwa 100. Ukiiinua kwenye mwanga, sura ya Franklin inaonekana upande wa kuume. Nani amewaambia wachimbaji?

Banki Kuu na viongozi wa teritware wabandike karatasi moja, kwa Kiswahili na Kilega, kwenye kila nyumba inayonunua dhahabu. Na muuzaji aachiwe muda wa kuinua noti kwenye mwanga kabla dhahabu haijatoka mkononi mwake.