SAYANSI NYUMBANI: Taa imekufa, au betri imechoka?

Mama mmoja ametuletea swali: taa yake ya sola siku hizi inawaka nusu saa tu, halafu giza. Jirani kamwambia aiuze kwa wanaonunua vyuma chakavu, arudie koroboi. Mama, ngoja kwanza, usiiuze.

Izime hiyo taa, uitazame mchana. Unaviona vile vidoa vya njano? Kila kidoa kimefunika jicho dogo linalotoa mwanga wa bluu. Ule unga wa njano unapokea bluu na kugeuza sehemu yake kuwa njano. Rangi hizo zikichanganyika, sisi tunaona nyeupe. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Jicho lenyewe ni fuwele iitwayo galiamu naitraidi, na ndani yake mna matabaka yenye unene wa nanomita chache tu. Nanomita ni nini? Chukua milimita moja uigawe mara milioni. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi! Humo kwenye matabaka hayo ndimo umeme unamogeuka mwanga, bila waya wa kuungua kama kwenye balbu za zamani. Ndiyo maana jicho halili umeme mwingi, na linawaka maelfu ya saa.

Haikuwa kazi rahisi. Taa nyekundu za aina hii zilikuwepo tangu 1962, ila bluu yenye nguvu iliwashinda wataalamu kwa miaka 30 hivi, na wengi wakaiacha fuwele hiyo. Wajapani watatu wakang'ang'ania: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano kule Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa kiwandani Tokushima. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. (Huyo Nakamura kiwanda kilimpa bakshishi ya yeni 20,000 tu! Akaenda mahakamani, na 2005 wakapatana kwa yeni zaidi ya milioni 800. Alifanya vizuri.)

Basi mama, taa yako ikififia upesi hivyo, jicho huenda bado ni zima. Kinachochoka mapema ni betri. Kwanza futa vumbi kwenye paneli, halafu angalia waya pale unapoingia kwenye plagi, maana hapo ndipo hukatikia. Kama paneli ina waya wake, iache juani peke yake na taa ikae kivulini. Joto la bati linaua betri. Bado hakuna kitu? Mpelekee fundi abadilishe betri. Lakini msimamie! Kama ya zamani imeandikwa volti 3.2, mpya nayo iwe 3.2, siyo 3.7 ya simu, na wala kinyume chake. Betri iliyovimba msiitoboe wala kuitupa motoni, na watoto wasiichezee, inaweza kulipuka.

Ukishaweka mpya, njoo utuambie imefikisha saa ngapi.