Kukabidhi Zamu ya Mtoto Shuleni

Popote panapowekwa lindo, askari aliyemaliza zamu haondoki kwa sababu tu saa yake imefika. Humngoja mwenzake, humweleza yaliyotokea, humwonyesha yaliyosalia, hutia sahihi katika daftari, ndipo huelekea nyumbani. Kila askari na kila polisi wa Gisenyi analijua jambo hilo, awe analinda kambini au anasimama karibu na Mlango Mdogo, mahali ambapo watu wa Rubavu na wa Goma hupitana tangu alfajiri na mizigo yao ya mboga na unga. Lindo lililoachwa bila makabidhiano ni kosa, hata kama usiku huo hakuja adui.

Ajabu ni kwamba askari huyo huyo aitwapo safari ya mbali, husahau lindo moja. Huenda ameitwa Msumbiji, katika Cabo Delgado, ambako askari na polisi wa Rwanda walianza kazi Julai 2021. Au ameitwa Jamhuri ya Afrika ya Kati au Sudan Kusini, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Hufunga mizigo, huaga wazee, huacha fedha za unga na za kodi ya nyumba. Lakini shule ya mwanawe huiacha bila neno, kana kwamba shule nayo itasimama kumngoja arudi.

Yafaa kutazama mfano usio na jina la mtu, lakini ambao wengi watautambua. Sajenti mmoja ameondoka katikati ya mwaka wa masomo. Mwanawe wa kwanza yumo darasa la sita, mwaka wa mtihani wa Taifa. Katika kitabu cha shule imeandikwa namba moja tu ya simu, nayo ni ya baba. Muhula wa pili shule inabandika orodha ya majina ya watahiniwa, na jina la kijana limekosewa herufi moja. Mwalimu anamtuma akalete cheti cha kuzaliwa. Cheti kimo katika sanduku la baba, na ufunguo haujulikani ulipo. Wakati huo huo mchango wa chakula haujalipwa, na kijana amesikia wenzake wakinong'ona kwamba wenye madeni watasomwa majina mbele ya paredi. Kwa aibu, anaanza kutoka nyumbani asubuhi amevaa sare, kisha anapitisha siku ufukoni mwa Ziwa Kivu.

Shule inapiga simu, simu imefungwa. Siku ya kumi na moja jirani anamwambia mama, ndipo mama anapoacha biashara yake sokoni na kwenda shuleni mbio.

"Mama, namba tuliyo nayo ni ya baba peke yake," anasema mwalimu mkuu. "Tumepiga mara nne."

"Mwalimu," anajibu mama, "mimi ninakaa mwendo wa dakika kumi kutoka hapa."

Katika maneno hayo mawili limo jambo zima. Hapana mtu mwenye nia mbaya. Baba analitumikia taifa, mama anafanya kazi, mwalimu amepiga simu, na kijana ameona haya. Safari hii jina lilisahihishwa kabla ya muda kupita, na kijana akarudi darasani. Lakini mlango ule ule uliowahiwa leo, kesho unaweza kukutwa umefungwa. Kilichokosekana ni makabidhiano. Mzazi askari hana budi kukabidhi mambo matano kabla ya safari.

La kwanza ni mtu. Shule yapasa ijue kwa maandishi ni nani atakayejibu kwa niaba ya mtoto: mama, shangazi, mjomba, bibi au jirani mwaminifu. Baba aende mwenyewe pamoja na mtu huyo, amjulishe kwa mwalimu mkuu na kwa mwalimu wa darasa, na namba mbili za simu ziandikwe. Mtu huyo ndiye atakayehudhuria mkutano wa wazazi, na ndiye atakayetia sahihi katika kitabu cha matokeo, ambacho wengi wa mpakani hukiita buletini. Sahihi hiyo haitiwi na mtoto mwenyewe, wala na kaka yake wa kidato cha pili.

La pili ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa, vitabu vya matokeo vya miaka iliyopita na kadi ya bima ya matibabu viwekwe mahali ambapo mwenye nyumba anapajua. Jamaa za wanajeshi na polisi walio katika bima ya kijeshi ya MMI wahakikishe kwamba mwanafunzi wa bweni amechukua kadi yake, maana homa haingoji barua. Majina nayo yatazamwe herufi kwa herufi. Katika Rwanda, kwa desturi, baba na mwana hawalazimiki kuwa na jina moja la ukoo, kwa hiyo mwandikaji hawezi kukisia jina la mtoto kwa kutazama la baba. Mtihani wa Taifa hufanywa mwisho wa darasa la sita, mwisho wa mwaka wa tatu wa sekondari na mwisho wa mwaka wa sita, na tangu 2020 kazi hiyo imo mikononi mwa mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA. Herufi iliyokosewa katika orodha ya shule husahihishwa kwa dakika chache. Ikishaingia katika cheti, huwa safari ya ofisi nyingi.

Familia inayohama pamoja na baba, mathalani kutoka Kigali kuja Gisenyi, isitoke bila karatasi ya uhamisho na matokeo ya mwisho. Na yule aliyesoma Goma kwa Kifaransa, mzazi amweleze mwalimu ukweli huo siku ya kwanza. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba iwe hivyo tangu darasa la kwanza. Mtoto wa namna hiyo si mjinga. Amebadilishiwa lugha tu, naye huhitaji muda na msaada.

La tatu ni saa na kalenda. Wako wazazi ambao bado wanahesabu mwaka wa shule kuanzia Januari, kama walivyosoma wao. Mambo hayo yamebadilika. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, kalenda ilipangwa upya. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Oktoba, na tangu 2022 huanza Septemba. Kadhalika, Novemba 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi na kumalizika saa kumi na moja jioni. Shule yenye zamu mbili ina mpango wake, na mpango huo uulizwe pale pale. Kwa wanafunzi wa bweni, NESA hutangaza siku za safari kwa kufuata wilaya za shule. Mwanafunzi asafiri siku iliyopangwa, mapema mchana, akiwa na sare na kitambulisho chake. Anayebakizwa nyumbani siku tatu ili amalize sherehe ya jamaa, hufika akiwa nyuma ya wenzake na mwenye wasiwasi.

La nne ni mchango. Ada ya shule ya msingi ya umma iliondolewa mwaka 2003, lakini chakula cha mchana kina sehemu ya mzazi. Septemba 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mzazi wa mtoto wa chekechea au wa shule ya msingi ya umma achangie faranga 975 kwa muhula, na serikali ibebe sehemu kubwa iliyobaki. Kwa sekondari ya kutwa kiwango kilitajwa kuwa faranga 19,500, na kwa bweni faranga 85,000. Kila mwanzo wa mwaka mzazi aulize kiwango kinachotumika, alipe kwa njia iliyoelekezwa na shule, na kuitunza stakabadhi. Mwenye akiba katika Zigama CSS aitenge fedha ya mihula mitatu kabla hajaondoka, kama anavyotenga ya kodi.

Na kama fedha haipo, mzazi aende aseme. Mtoto wa shule ya msingi asibakizwe nyumbani kwa sababu ya faranga 975. Mwalimu mkuu aliyeelezwa hali anaweza kumpa mzazi muda. Asiyeelezwa atajua nini? Deni lililotajwa ni jambo la watu wazima wawili. Deni lililofichwa humwangukia mtoto, naye hulibeba mpaka ufukoni.

La tano ni siku za dharura. Watu wa Rubavu hawahitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za Gisenyi. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yaliangukia upande huu na watu wakapoteza maisha. Katika siku kama hizo watoto huenda kwa bibi, kwa baba mdogo, kila mmoja kwake. Kabla ya hatari, nyumba nzima ikubaliane: nani atamchukua mtoto shuleni, na kama hakuja, nani wa pili. Mtoto mdogo asitoke na mtu asiyejulikana kwa mwalimu. Na hatari ikiisha, mtoto arudishwe siku ile ile shule inapofunguliwa. Aghalabu mwanafunzi aliyepotea kabisa alianza kwa kuchelewa juma moja tu baada ya wenzake kurudi.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Barua ya shule ni amana. Hufika nyumbani siku ile ile ilipotolewa. Mgonjwa hutumiwa taarifa shuleni, na akipona hurudi na karatasi ya zahanati. Sare safi, nywele fupi na kuwahi kengele si mateso. Ni utaratibu, kama ule wa baba awapo kazini. Aliyepunguziwa alama za mwenendo amwambie mlezi wake mapema, kabla kitabu hakijasema.

Lipo neno la mwisho, nalo ni la siku ya kurudi. Baba aliyekaa mbali mwaka mzima hutamani kuyapanga yote upya kwa jioni moja. Huita kitabu cha matokeo, huona alama zimeshuka, mkono ukatangulia kabla ya swali. Sheria ya 2018 ya kumlinda mtoto inamwadhibu anayempa mtoto adhabu kali, na mlango wa nyumba ya askari hauko nje ya sheria hiyo. Zaidi ya sheria, iko haki. Anayepokea zamu huanza kwa kusikiliza. Aulize nani aliugua, nani alihama dawati, ni siku gani mtoto alikosa shule na kwa nini. Kisha aende kwa mwalimu, amshukuru, atie sahihi yake chini ya zile zilizotiwa na mama alipokuwa hayupo.

Yule mama alipotoka ofisini siku ile, namba yake ilikuwa imekwisha kuandikwa chini ya ile ya mumewe. Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika tano. Kijana alikuwa akimngoja nje, ameinamisha kichwa. Mama hakumgombeza. Alimnyoosha kola ya shati na kumwambia, "Ingia darasani, kengele imelia."